Tupeane uzoefu: aksanti uliyochelewa kuisema

Mwana Birere: Leo nimemsaidia mama mmoja kujitwika bidoni ya maji, akasema aksanti mara tatu. Nikawakumbuka watu niliowapita bila neno. Wana Goma, nani hukumshukuru? Na kushukuru kila siku kunakusaidia nini?

Mama Mapacha: Mimi ni ile Jumamosi ya 22 Mei 2021. Giza limeingia, juu ya Nyiragongo, ule mlima wetu wa moto, mbingu nyekundu, mtaa wetu wa Majengo wote uko barabarani. Mgongoni mtoto, mkononi mtoto, na mama mkwe miguu yake imevimba. Tulipofika karibu na Ndosho akaketi chini, akaniambia, "Enda na watoto, mimi nimefika." Nilisimama pale. Nawaambieni ukweli, nilianza kuhesabu nani nimwache. Akatokea kijana na chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, imejaa magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia. Hakuuliza kitu. Aliyasukuma magunia mtaroni, riziki yake yote, akampandisha mama, akamsukuma mpaka Mugunga. Nilipogeuka kumfunika mtoto, kijana ameshaondoka. Lava ilisimama Buhene, nyumba yetu ikapona. Kitenge cha mama kilibaki na alama za vidole vyeusi vya makala, na neno langu likabaki kooni. Tangu hapo naweka jagi la maji getini. Kila chukudu inayopita, nasimamisha, nampa maji, nasema aksanti. Usingizi ulinirudia hivyo.

Yaya Katindo: Mama, umenitoa machozi.

Bahati wa Himbi: Poleni mama. Lakini "shukuruni, shukuruni" ndiyo tunayojibiwa kila tukiuliza maji. Ziwa liko mbele ya macho na watoto wanabeba bidoni! Tunaowapigia kura wanatupa shukrani ya punda, mateke.

Muzee wa Virunga: Kijana, nani kakwambia uache kudai? Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikala nyumba yangu. Jirani alitulaza watu tisa chumba kimoja. Nilimshukuru yeye, na haki yangu nikaendelea kuidai. Moyo usio na shukrani hukausha mema yote.

Bahati wa Himbi: Jirani sawa, muzee. Mimi nasema wakubwa.

Mwana Birere: Basi mko pamoja. Turudi kwenye uzoefu.

Mwalimu Keshero: Shika daftari. Mwaka 2003 Emmons na McCullough walitoa utafiti wa Marekani: wanafunzi walioandika kila wiki mambo hadi matano ya kushukuru waliyaona maisha yao mema kuliko walioandika kero, hata mazoezi walifanya zaidi. Mimi naandika Jumapili usiku. Wiki ya mshahara kuchelewa ndiyo ngumu; niliandika "sombe ya jirani", ile mboga ya kisamvu, na basi.

Mama Sambaza: Daftari la nini? Nenda kwa mtu mwenyewe, mshike mkono.

Yaya Katindo: Na kama amekufa?

Mama Sambaza: Nenda kwa watoto wake.

Mtoto wa Sake: Mama Mapacha, samahani. Shemeji yangu ni wa chukudu. Usiku ule alirudi bila makala, akasema amebeba bibi mmoja. Tulimgombeza sana kwa ile hasara. Chukudu yako ilikuwa na kamba nyekundu kwenye usukani?

Mama Mapacha: Sikuona, kulikuwa giza. Muulize kama yule bibi alikuwa amekumbatia redio.