Boti ya okazyo (iliyokwisha kutumika), Yamaha 40 haiwake: nitengeneze, ninunue motere nyingine, ao niachane nayo?

Bwana Himbi
Jambo wandugu. Kuna boti inauzwa hapa Goma, ziwa Kivu, bei si mbaya, ila motere haiwake. Imekaa muda mrefu bila kazi. Muuzaji anataka jibu kabla ya Jumapili juu kuna mwingine anayeitaka. Mnanishauri nini: nifufue motere iliyoko, nitafute katretan (motere ya mipigo minne, ile isiyochanganya oili na esansi) ya okazyo Kampala, ao nimwachie boti yake nichongeshe mtumbwi mkubwa wa mbao kule kisiwa cha Idjwi? Asanteni.

Fundi Bujia
Boti gani, mzee? Fibra ao mbao? Urefu? Motere ya aina gani? Ukivuta kamba inazunguka ao imekamata? Na "muda mrefu" ni miezi, ao ni tangu volkano? "Haiwake" peke yake ni kama mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" halafu ananyamaza.

Mama Sambaza
Na utafanyia nini? Kubeba watu, kubeba mizigo, ao kutembeza wageni Jumapili? Bei nayo umeificha, kawaida yenu.

Bwana Himbi
Samahani. Fibra, mita kama saba. Yamaha Enduro 40, ile ya kuchanganya oili. Kamba inavutika vizuri. Anataka dola 2,800 na motere ndani. Imelala juu ya mawe Kyeshero tangu kabla ya corona, hema la juu limechanika, mvua yote imeingia. Kazi ni kwenda shamba Idjwi na kurudi na nanasi na kahawa, mara moja moja na familia.

Katretan Milele
Uza hiyo Enduro kwa vyuma. Katretan haina kuchanganya, haina moshi, inakula esansi kidogo zaidi, na mkiwa ndani mnasikizana. Mimi sirudi nyuma.

Fundi Bujia
Na siku kompyuta yake ikigoma katikati ya ziwa, utaifungua na nini? Enduro inafunguliwa kwa funguo za kawaida, haihitaji hata bateri. Piese zake utapata kila ziwa la Afrika hii, na za bandia pia, hapo uwe macho.

Bwana Himbi, kamba ikivutika maana yake pistoni hazikukamata. Ni habari nzuri. Sasa usiivute tena kavu! Toa bujia (plagi) zote mbili, mimina oili kidogo katika kila tundu, iache ilale, kesho zungusha polepole. Baadaye weka saa ya kompresyo, ile inayopima mkandamizo ndani ya silinda kwa psi. Kila silinda ikitoa 90 na kuendelea, na zote mbili zikakaribiana, motere ni nzima. Zikiachana sana, iko ugonjwa ndani. Esansi ya zamani mwaga yote, imekuwa gundi ndani ya kabireta. Fungua, osha, puliza vile vitundu vidogo. Halafu fungua skrubu ya chini ya mguu uone oili ya gia: ikiwa nyeusi, sawa, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, sili zimekufa.

Na lile gurudumu la mpira ndani ya pompa ya maji badilisha bila kuuliza. Likikaa kavu linajikunja na kukakamaa. Motere ikiwaka na haikojoe maji pembeni, zima palepale.

Baharia wa Kigoma
Habari za Goma. Naongeza jambo ambalo huku wengi hawalitazami. Sisi Tanganyika tuko kama mita 770 juu ya bahari, nyinyi Kivu mko karibu 1,460. Hewa ni nyepesi, injini inapoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila mita 300. Hiyo 40 yako huko inafanya kazi kama 34 hivi, hata ikiwa mpya. Kwa hiyo ukibeba kahawa na ikashindwa kuinuka, usimlaumu fundi kwanza. Tafuta propela yenye pichi ndogo, yaani mapanga yasiyolala sana, inayosogea kidogo kwa kila mzunguko. Na kabla ya injini, piga nyundo ule ubao wa nyuma unaobeba injini. Sauti kavu ni nzuri. Ikitoa sauti nzito, ya kufa, ndani kumeoza.

Mwana Nguba
Huyo wa Kigoma amegusa kidonda. Acha niwaeleze ya shemeji yangu hapa Bukavu.

Alinunua boti ya fibra, nzuri kwa macho, motere imefanywa upya, inawaka kwa mvuto mmoja. Ndani nyuma walikuwa wamepaka rangi mpya nyeupe, pale tu, sehemu nyingine ya zamani. Nilimuuliza kwa nini rangi iko hapo peke yake, akasema muuzaji ni mtu wa usafi. Siku nne tano ikaenda vizuri. Siku moja wanatoka Idjwi kusini, mchana, upepo ukaamka, mawimbi ya kawaida tu. Yeye akafungua gesi apande wimbi, wakasikia mlio wa mbao. Bolti za motere zilikuwa zimepita ndani ya ubao! Motere ikalala kinyumenyume majini, imeshikwa na kebo ya usukani na mpira wa esansi tu. Watu wawili wakaikumbatia kuivuta ndani, inaungua bado, mmoja ana kovu mkononi mpaka leo. Maji yakaanza kuingia nyuma. Wakasukumwa na upepo mpaka jioni, wakakutana na wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanatoka kazini na zile pirogi tatu zilizofungwa pamoja. Wale wakawavuta mpaka pwani, na kwa haki wakadai mshahara wa usiku walioupoteza.

Tulipofungua ule ubao, ndani ni mbao nyeusi iliyolowa, unaitoa kwa vidole. Muuzaji akajibu kwa simu: "Mimi niliuza boti, sikuuza ahadi." Ikabidi kukata fibra ya ndani, kutoa uozo wote, kukausha wiki nzima, kuweka mbao mpya za plaiwudi na epoksi. Usikubali polyesta ya bei rahisi, juu ya mbao ya zamani haishiki. Ile kazi ilipita bei ya motere.

Mama Sambaza
Ndiyo maana nasema mbao ya Idjwi. Ikioza unaiona, unabadilisha ubao mmoja, seremala yuko kijijini. Na unaposema "na familia", nunua jile (za kuelea majini) kwanza, za kila mtu, na za watoto ziwe za watoto. Tuliona bandari ya Kituku hapa Goma, Oktoba 2024, boti ya kutoka Minova inazama watu wa bandarini wanatazama. Kutoka hapo mimi sipandi kitu bila jile.

Katretan Milele
Mnasahau kitu. Kyeshero gesi ya ziwa ni nyingi. Labda ndiyo inazuia motere kuwaka.

Baharia wa Kigoma
Methani ya Kivu imeyeyuka chini kabisa. KivuWatt, kile kiwanda cha umeme cha Karongi, Rwanda, inaivuta kwa bomba kutoka zaidi ya mita 300. Haipandi kuja kuzima kabireta ya mtu.

Fundi Bujia
Methani hapana. Lakini mazuku ndiyo, na hilo si mzaha. Boti imelala kwenye shimo la mawe? Mazuku ni hewa nzito ya kaboni dioksidi, inakaa mabondeni, hasa usiku na asubuhi kabla ya jua na upepo. Mbuzi wanakufa pale wamesimama karibu na watu wazima. Usijilaze chini ya boti alfajiri kukagua mguu wa motere.

Katretan Milele
Unashusha kiberiti, kikizimika unajua.

Fundi Bujia
Usingoje kiberiti. Kichwa kinaweza kuzunguka kabla moto haujazima. Nenda saa sita, upepo ukivuma, na usiende peke yako.

Bwana Himbi
Nimerudi kutoka huko. Saa ya kompresyo nimeazima: silinda ya juu 105, ya chini 70. Oili ya gia ni nyeusi. Ubao wa nyuma, upande wa kushoto sauti kavu, wa kulia sijui, ni nzito kidogo. Muuzaji amesikia nyundo akakasirika, halafu akashuka 2,200.

Katretan Milele
70! Niliwaambia.

Fundi Bujia
Inaweza kuwa segmenti, zile pete za pistoni, zimeshikwa na kaboni tu. Mimina oili tena, uiache, upime upya. Usinunue pistoni bado.

Mwana Nguba
Fundi, wewe unaangalia motere. Mimi naangalia ule upande wa kulia. Mwombe atoboe tundu dogo kwa ndani: ikitoka unga mkavu, sawa, likitoka tope, toka hapo.

Mama Sambaza
Atakataa kutoboa. Mpe 1,500, akikataa mwachie yule mwingine, kama yupo kweli. Na hizo nanasi, ukizileta, unauza kwa kipande ao kwa mufuko? Mimi niko Birere.