Tupeane uzoefu: jamii ilitaka uwe nani, ukakataa?

Mwenye uzi, Kisumu
Wadau, huku kwetu unapangiwa kabla hujafungua mdomo. Mluhya ni wa kuku, Mjaluo ni wa kujionyesha, mjane ni wa kurithiwa. Leteni visa vyenu wenyewe, si vya rafiki ya binamu.

Wa Mumias
Nianze na chepesi. Mimi Mluhya na kuku sili. Si ugonjwa wala dhehebu, simpendi tu. Nikienda ukweni jogoo anachinjwa kwa heshima yangu, nami naomba mrenda. Mama mkwe alimvuta mke wangu kando akamuuliza kama nina kinyongo kuhusu mahari. Siku hizi firigisi anapewa shemeji yangu, na hajawahi kunipenda hivyo.

Bila Jezi, Nakuru
Jina langu linaanza na O, basi kila Jumatatu naulizwa Gor Mahia, timu ya Wajaluo, imefanyaje. Mpira siujui! Kwenye chama nilipoomba kuwa mweka hazina walicheka, eti pesa zitaishia kwenye suti. Niliomba daftari la mwaka uliopita, nikawaonyesha zilikovujia. Hazina ninashika mimi.

Nyar Alego, Siaya
Changu si cha kuchekesha. Baada ya matanga, wazee wa ukoo waliniambia nichague shemeji mmoja anirithi. Wasiojua mila zetu, kupanda kuna foleni: mama mkwe anatangulia, kisha wake wa wanawe kwa ukubwa. Mjane ambaye hajarithiwa hashiki jembe, na anayemruka anajiletea chira, yaani laana ya kuvunja mwiko. Mume wangu alikuwa kifungua mimba. Kwa hiyo mvua ya Machi iliponyesha, wake wa mashemeji walikaa na mbegu ndani wakiningoja mimi. Wazee unaweza kuwapuuza. Lakini mwanamke mwenzako anapita mlangoni na mtoto mgongoni, hasemi kitu, anatazama tu shamba lake. Hapo ndipo wengi husalimu amri.

Nilimwendea mama mkwe nikamwambia, "Mama, anza wewe, hawa wafuate, mimi nitakuwa wa mwisho. Chira ikija inikute mimi." Alinyamaza sana, halafu akachukua jembe. Mahindi yaliota. Ila mpaka leo kuna maboma nisikokaribishwa, na kwenye misiba wengine hawagusi chakula nilichopika.

Mzee wa Bondo
Binti yangu, tero, yaani huku kurithi mjane, haikuwa ya kitanda pekee. Ilikuwa watoto wa marehemu wapate wa kuwasimamia. Msiitukane mila yote.

Nyar Alego
Baba, nakuheshimu. Huyo niliyeletewa alikuwa na wake wawili, na karo ya watoto wake mwenyewe ilikuwa inamshinda. Angewasimamia wangu na nini? Tena sheria ya mwaka 2015 ya kukinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja waziwazi kumlazimisha mjane arithiwe, na kumtakasa pia, yaani kumlaza na mwanamume eti asafishwe. Anayetaka kwa hiari yake, sina neno naye.

Mama wa Kibuye
Nyinyi mnadhani wanawake wameanza ukaidi juzi? Grace Onyango alikuwa meya wa mji wetu huu wa Kisumu mwaka 1965, mwanamke wa kwanza kuwa meya Kenya, na 1969 akachaguliwa Bungeni. Na bado mimi nikisema mashua ni yangu, naulizwa mwenyewe yuko wapi. Huwa najibu ameenda kuoga, wasubiri. Wengine husubiri kweli.

Mgeni, Ugenya
Nyar Alego, dada yangu, shamba uliliandikishaje? Shemeji yangu ameficha hati.

Nyar Alego
Kuficha hati hakukuzuii. Ukijua namba ya shamba, ofisi ya ardhi watakufanyia sachi, yaani kupekua rejista, uone liko kwa jina la nani. Kisha chukua cheti cha kifo uende kwa chifu akuandikie barua inayotaja mjane na watoto wote, mabinti wakiwemo, halafu ufungue faili ya urithi kortini. Na kwa chifu usiende peke yako, utazungushwa. Mimi nilienda na mama mkwe.