Mafuta ya samaki hayakuondoa gesi tumboni: ondoeni sauti ya mama yangu mdogo kwenye matangazo yenu

Wanajamvi, salaam. Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu kampuni ninayoilalamikia ina mawakala wengi na ninajua watakuja kusema kwamba nina chuki binafsi. Sitaitaja kwa jina. Wenyewe watajijua.

Mama yangu mdogo anaishi Temeke na ana ugonjwa wa sukari. Mwaka jana alianzishiwa kliniki metfomini, vidonge vya kushusha sukari, na muda mfupi baadaye akaanza kulalamika kwamba tumbo linajaa gesi, linanguruma, na kila akila kidogo anajisikia amevimbiwa. Katika kikao cha kikoba chao akaja wakala, dada mmoja mwenye kauli nzuri, akiwa na ile mashine ya kupima mwili mzima ambayo wengi mmeshaiona: unashika kichuma kwa kiganja, unasubiri kidogo, kisha kompyuta inatoa kurasa zenye rangi nyekundu na kijani zinazoeleza hali ya ini, figo, mifupa na hata ubongo wako. Karatasi ya mama mdogo ilisema mfumo wake wa mmeng'enyo umejaa sumu. Naomba mtu yeyote aliyesomea maabara anieleze kichuma hicho kinaionaje sumu iliyomo utumboni bila kuchukua damu, choo wala mkojo. Nimeisoma karatasi hiyo yote. Sukari, ambayo ndiyo ugonjwa alionao kweli, ilikuwa kwenye rangi ya kijani.

Akauziwa chupa ya mafuta ya samaki kwa shilingi 85,000, akaelekezwa ameze vidonge sita kwa siku ili gesi itoke. Kibandiko cha chupa kinasema kimoja au viwili. Kinasema pia kwamba kila kidonge kina miligramu 1,000 za mafuta ya samaki, na chini yake, kwa herufi ambazo mama mdogo hazioni hata akivaa miwani, kwamba EPA ni 180 na DHA ni 120, yaani aina mbili za mafuta ya omega-3. Kwa hiyo omega-3 inayotangazwa kwa mbwembwe ni miligramu 300, na zilizobaki ni mafuta mengine tu. Mwisho kabisa kuna sentensi ya Kiingereza inayosema kwamba bidhaa hii haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Sentensi hiyo haikuwekwa kwa hisani: sheria ya Marekani ya mwaka 1994 kuhusu virutubisho inamlazimu mtengenezaji kuiandika pale anapodai kwamba bidhaa yake inausaidia mwili kwa namna fulani. Wakala wa Temeke hakuona haja ya kumtafsiria mteja wake sentensi hiyo.

Sisemi kwamba mafuta ya samaki hayana kazi. Madaktari huyaandika, kwa kiwango cha gramu 4 za omega-3 safi kwa siku, kwa watu ambao aina ya mafuta ya damu iitwayo trigliseridi imepanda kupita kiasi, na hapo yanafanya kazi. Utumbo ni habari nyingine. Mwaka 2008 yalichapishwa majaribio mawili makubwa yaliyowapa omega-3 wagonjwa wa Crohn, ugonjwa halisi wa uvimbe wa utumbo, na hayakuwazuia kurudiwa na ugonjwa. Kuhusu gesi yenyewe, watafiti wa Barcelona walionyesha mwaka 2002 kwamba mafuta yakiingizwa katika utumbo mwembamba wa watu wenye utumbo unaosumbuka kirahisi, gesi inakwama zaidi badala ya kupita. Kidonge kimoja ni kidogo mno kumjaza mtu gesi, nakubali. Lakini sijaona njia yoyote ambayo kingeitoa. Madhara yanayofahamika ya vidonge hivi, hasa mtu akivimeza vingi, ni kubeua harufu ya samaki, kiungulia, kichefuchefu na kuharisha. Mtu anayelalamikia tumbo ndiye wa mwisho anayepaswa kupewa sita kwa siku.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mama mdogo alianza kubeua samaki hadi akaona aibu kukaa karibu na watu kanisani, na choo kikawa laini. Alipompigia wakala akajibiwa, "Mama, hiyo ni sumu inatoka, vumilia." Angalieni jinsi jibu hilo lilivyotengenezwa: akipata nafuu, dawa imefanya kazi; akizidiwa, dawa inafanya kazi. Hakuna hali yoyote ya mgonjwa inayoweza kumfanya muuzaji akiri kwamba bidhaa haifai.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike. Tumbo lilipoendelea kujaa, wakala alimwambia apumzishe vidonge vya hospitali, kwa madai kwamba kemikali zake zinapigana na mafuta ya samaki. Mama mdogo akatii. Baada ya siku chache gesi ikapungua, tumbo likashuka, na furaha ikawa kubwa kweli. Wakala akamwomba arekodi ushuhuda, naye kwa moyo mweupe akasema kwamba tumbo lake sasa ni jepesi kama la msichana, na kwamba mafuta ya samaki yamemponya. Sauti hiyo ikasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mawakala, mpaka ikanifikia mimi kutoka kwa mtu wa Morogoro asiyejua kwamba ni ya ndugu yangu.

Sasa someni kwa makini. Metfomini ni dawa nzuri na ya siku nyingi, lakini kujaa gesi na kuharisha ni miongoni mwa madhara yake yanayojulikana zaidi, hasa mwanzoni na hasa ikimezwa bila chakula. Alipoiacha, gesi ilipungua kwa sababu aliiacha. Mafuta ya samaki yalikuwepo tu chumbani wakati huo, yakapokea sifa. Sukari nayo ikapanda bila kelele, akawa anaamka usiku kwenda haja ndogo mara kwa mara na kusikia kiu isiyokatika, na tulipompeleka kliniki kipimo cha asubuhi kabla ya kula kilisoma 16.8, wakati daktari wake humtaka asipite 7. Daktari alimuuliza swali moja ambalo yule wakala mwenye mashine hakuwahi kuliuliza: unatumia dawa gani? Akamrudishia metfomini kwa kiwango kidogo, ya aina inayoyeyuka taratibu, akamwelekeza aimeze katikati ya mlo wa jioni. Gesi haijarudi.

Ninadai mambo haya kwa kampuni hiyo. Sauti ya mama mdogo iondolewe kwenye kila kundi, na wale waliotumiwa waelezwe kwa nini. Mawakala wapigwe marufuku kumwambia mgonjwa yeyote aache dawa ya hospitali. Fedha za chupa zote mbili, ile ya kwanza na ya pili aliyouziwa baadaye, zirudishwe. Kuhusu ile mashine, nimeandika barua TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwa kuwa vifaa hivyo viko chini yao. Na kuhusu chupa nimeandika TBS, shirika la viwango, ambao tangu mwaka 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, maana kampuni hii inajua kugeuka: kwa mkaguzi bidhaa ni chakula, kwa mama wa kikoba ni dawa.

Mawakala mtakaokuja kujibu, msiniletee shuhuda nyingine. Nielezeni kwa ufasaha gramu moja ya mafuta inaitoaje gesi utumbo mpana. Na ninyi wengine, kama sauti hiyo imewafikia, mjibuni aliyewatumia kwamba mwenye sauti amerudi kwenye metfomini yake na chupa ya pili hajaifungua.