Nimealikwa siku za kabla ya harusi ya Kihindi, mwanamme nivae nini?

Karafuu_Kavu:
Assalam aleikum jamaa. Naomba msaada hasa nyie mliokulia mjini maana mie mtu wa Wete, Pemba, hapa Unguja nipo kikazi tu. Mwenzangu wa kazini anaoa, ni Mhindi wa hapo Hurumzi, Baniani si Muislamu, na kanialika si harusi peke yake, kanialika na zile siku za kabla. Kadi imejaa majina, mehndi, haldi, sangeet, kila moja ina siku yake na mahala pake na hiyo sangeet iko hoteli huko Nungwi. Mie harusi niijuayo ni yetu, unatia kanzu, kofia, koti ukitaka, unakwenda kwenye nikaha, unapewa haluwa na kahawa unarudi zako. Sasa nikenda na kanzu nyeupe nitaonekana vipi? Nikinunua nguo zao si watasema huyu kajigeuza Mhindi? Na mke wangu ananambia kila siku nguo yake mbali, kweli hiyo au anatafuta njia ya magauni matatu? Bajeti yenyewe ndogo, nisaidieni yakhe.

BintiMlandege:
Mke wako mkweli, mnunulie 😂

Kiponda_Juu:
Waaleikum salaam. Mie nimekua na Wahindi mlango kwa mlango, ntakwambia nijuavyo. Kwanza hilo la kujigeuza Mhindi litoe kichwani, wenyewe wanafurahi sana mgeni akija na kurta, ile nguo yao kama kanzu fupi ya magotini, utapigwa picha mpaka uchoke.

Mehndi ni siku ya kina mama, hina na nyimbo. Wanaume mara nyingi tunaitwa jioni kula. Kurta ya pamba na suruali yake basi, watu wengi hupenda kijani siku hiyo lakini mwanamme hakuna atakayekuuliza.

Haldi ndo ya kuangalia. Wahindi wa hapa wengi asili yao Kutch na Kathiawar, huko Gujarat, kwa hivyo utasikia wazee wanaita pithi. Ni manjano yaliyosagwa, unga wa dengu na maji ya waridi, anapakwa bwana harusi kwao na bibi harusi kwao, ni kama singo yetu ila hii inafanywa mbele za watu na mwisho wake wanapakana wageni wenyewe kwa wenyewe, vijana wanakimbizana uani. Sasa wewe ukaja na koti lako la bei ukasimama pembeni ukadhani umesalimika, huyo ndo wa kwanza kupakwa. Vaa kurta ya njano ya bei rahisi, pamba, nguo ambayo ikiharibika huumii roho. Kwa nini njano, kwanza ndo rangi ya siku, pili doa halionekani. Na ukifika nyumbani usishangae ukitia sabuni doa linageuka jekundu, manjano ndivyo yalivyo, suuza kisha anika juani mchana kutwa, jua linayala lenyewe.

Sangeet ndo siku ya kupendeza. Usiku, muziki, watu wanapanda jukwaani wanacheza ngoma walizofanyia mazoezi, ndugu wa mume na ndugu wa mke wanashindana. Hapo vaa kurta ya rangi nzito, buluu ya giza au kijani kibichi au zambarau, na juu yake kile kikoti kisicho mikono, koti la Nehru. Au bandhgala, lile koti la mikono mirefu lililofungwa mpaka shingoni, ila Nungwi na joto lile mie nisingejitesa.

Sherwani, lile koti refu lenye nakshi, usivae. Hiyo mwachie bwana harusi na kaka zake. Na kilemba usijifungie mwenyewe, kwa kuwa wewe upande wa mume siku ya harusi pale mlangoni kwenye msafara wake watu huwa wanafungwa vilemba vya rangi moja, wakikufunga tulia.

Mzee_Msafiri:
Naona mnamtia gharama bure. Kanzu inafaa. Mabaniani wa Zanzibar wanatuona na kanzu tangu enzi za babu zao, wanatujua. Avae kanzu yake ya rangi, ile ya kahawia au ya kijivu, koti juu, kofia ya kiua, mtu mzima kamaliza. Kurta ya nini?

Kiponda_Juu:
Mzee shkamoo. Kwa sangeet nakubali, tena kanzu ya rangi na koti zuri inapendeza kuliko hizo kurta za dukani zinazong'ara kama karatasi ya pipi. Tatizo langu ni nyeupe. Kwao mtu akivaa nyeupe tupu juu mpaka chini anakumbusha msibani, vijana hawajali sana ila bibi wa miaka themanini aliyekaa kiti cha mbele anajali, na harusi ni yake yule bibi kuliko hata ya bwana harusi. Na haldi kanzu haifai kabisa, rangi yoyote ile. Ndefu, inakamata kila kitu, na hiyo kofia ya kiua alokaa mtu miezi anaitoboa vishimo kwa sindano uje kuipaka manjano?

Mzee_Msafiri:
Marahaba. La kofia umenishinda.

AbuTaariq_Z:
Ndugu zangu ongezeni na haya. Mwanamme wa Kiislamu hariri safi si vazi lake, na hizo nguo za sangeet nyingi zinauzwa kwa jina la hariri. Usiogope lakini, nyingi zao ni poliesta tu. Chomoa uzi mmoja pindoni uuchome, ukinuka kama nywele na ukapukutika majivu hiyo hariri ya kweli, ukiyeyuka ukafanya kidonge hiyo plastiki, vaa. Nguo ya njano wako wanaoona karaha kwa mwanamme kwa ajili ya zile hadithi za nguo zilizotiwa rangi ya zafarani na ya maua ya usfuri, kama unalishika hilo chukua rangi ya maziwa. Halafu ukifika unaweza kukuta wanawatia wageni alama nyekundu ya paji la uso. Hiyo ni mambo ya dini yao, weka mkono kifuani, inamisha kichwa, cheka, sema asante. Wanaelewa, hawakasiriki.

mpenda_pilau:
Na msosi je?

BintiMlandege:
Utakula mboga bwana, dengu, paniri ile jibini yao, mabaniani wengi hawali nyama. Kula kwanza kwako.

Shangani_Mkongwe:
Nawaingilia kidogo maana kuna mtu atasoma hapa na yeye kaalikwa na Wahindi wengine. "Wahindi" mjini hapa si wamoja. Wabohora ni Waislamu, wanaume wao wanavaa saya kurta nyeupe na kofia yao nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, kwa hivyo hilo la nyeupe mkosi huko halipo, kanzu yako nyeupe inakwenda moja kwa moja. Mahoja Ithnasheri na Maismaili nao hawana shida na kanzu. Wagoa, wale wa kanisa la Minara Miwili, ni Wakatoliki, harusini kwao suti na tai, na kabla ya harusi wana siku yao ya kumwagiana tui la nazi inaitwa roce, hapo vaa fulana iliyochakaa. Kwa hivyo swali la kwanza ukipewa kadi ni Mhindi gani, ndo uende dukani.

Aidha kama ni Wagujarati muulize mwenzako kama sangeet ina garba. Ile ngoma ya kuzunguka duara, UNESCO waliiingiza kwenye orodha yao 2023, na ikifuatiwa na dandia mnapewa vijiti mnagonganisha. Wenyewe wanaume wanavaa kediyu, kijishati kifupi kimebana kifuani chini kimefunguka kama mwamvuli, kina vioo vioo. Wewe si lazima, lakini suruali iwe pana. Ile suruali ya churidar inayobana mashavu ya miguu na kukunjana chini usiijaribu kama hujazoea, huwezi hata kukaa chini.

Karafuu_Kavu:
Jazakallahu kheir nyote. Basi njano kwa haldi, koti la Nehru kwa sangeet. Viatu? Nimeona vile vya ngozi vyenye ncha juu.

Kiponda_Juu:
Mojari. Vinaumiza vikiwa vipya, ngozi ngumu, tena vya asili havina kulia wala kushoto, mguu wenyewe ndo unavifundisha. Kwa mchanga wa Nungwi vaa makubadhi yako, yanakwenda na kurta kuliko kiatu chochote, Wahindi wenyewe wataulizia umenunua wapi. Usivae raba. Na kwenye mandir, hekalu lao, viatu vinabaki nje, kwa hivyo kama utavaa soksi zisiwe na tundu.

FundiMkunazini:
Nimesoma nikangoja muulize fundi hamkuuliza. Usinunue dukani. Fundi yeyote wa kanzu anashona kurta, ni kanzu iliyokatwa magotini ikatiwa mipasuo ubavuni na kola ya kusimama. Kurta moja mita mbili na nusu mpaka tatu kwa mtu wa mwili wa kawaida. Shona suruali moja nyeupe au ya maziwa ya kutumia siku zote, kurta mbili, koti moja. Kitambaa pamba au lineni, na cha koti kiwe na uzito kidogo kisije kikalegea mabegani, bitana nyepesi. Mwambie fundi vifungo vya koti asivitie vya dhahabu vikubwa, utaonekana mpiga tarumbeta. Kama umebanwa na muda kuna maduka Dar mitaa ya Kisutu na Indira Gandhi, tayari tayari, ila nauli ya boti kwenda na kurudi itie kwenye hesabu.

Karafuu_Kavu:
Na bahasha fundi? Kwenye bahasha wanatia kiasi gani?

FundiMkunazini:
Hilo si la fundi 😄

Shangani_Mkongwe:
Uwezo wako, ila usitie hesabu nzima. Wao wanapenda iishie na moja, ukitaka kutia elfu hamsini tia hamsini na moja.

FundiMkunazini:
Haya nambie kifua inchi ngapi na urefu toka begani mpaka gotini. Na koti lije na mwenyewe lipimwe, kwa maandishi silishoni.