Naomba ushauri: Wagagai kupitia njia ya Sasa, siku 3 zinatosha?

MkaziWaNtinda
Habari za jioni wakubwa. Tuko wanne hapa Kampala, umri kati ya miaka 27 na 41, na tunataka kupanda Mlima Elgon hadi kilele cha Wagagai. Tumefikiria wikendi ya Pasaka kwa kuwa kila mtu atakuwa na mapumziko. Mpango: Ijumaa Kuu tuanze Budadiri alfajiri, tupite kambi ya Sasa bila kulala, tukalale Mude. Jumamosi kilele, Jumapili tushuke, Jumatatu turudi Kampala. Mizigo tubebe wenyewe. Viatu tumepata vya mitumba, bado vizuri kabisa. Chakula ni mchele, maharage na posho (ugali). Naomba mnikosoe bila kunionea haya, maana hatuna uzoefu wa kulala mlimani.

NkokonjeruJuu
Karibu ndugu. Nianze na siku, kwa sababu hapo ndipo mpango unapovunjika.

Budadiri iko kama mita 1,250. Kambi ya Mto Sasa ni mita 2,900, na Mude ni 3,500. Kwa mpango wenu mtapanda mita 2,250 kwa siku moja, mkiwa na mizigo, kisha mlale kwenye hewa nyepesi ambayo miili yenu haijaizoea. Hata kuishia Sasa tu ni mita 1,650 za kupanda, na hiyo ni siku nzima ya kazi. Kwa hiyo gawanyeni hivi: siku ya 1 Budadiri hadi Sasa, siku ya 2 Sasa hadi Mude, matembezi mafupi, mchana mpumzike, siku ya 3 Wagagai na kurudi Mude, siku ya 4 kushuka. Mkipata siku ya 5, msirudi mlikotoka. Shukieni njia ya Sipi: mnalala pango la Tutum, kesho yake mnatokea Kapkwai. Ni ndefu zaidi lakini mteremko wake una huruma.

Huruma hiyo naitilia mkazo kwa ajili ya Mudangi. Ndiyo ile kuta ya mwamba ndani ya msitu siku ya kwanza, mnayopanda kwa ngazi. Kuipanda ni pumzi tu. Kuishuka siku ya nne, magoti yamechoka na udongo umelowa, ndiko kunakoangusha watu. Kabla ya ngazi kunjeni fimbo za kutembelea, mzifunge kando ya begi. Godoro la povu lisining'inie nje, linanasa kwenye vipago na kukuvuta nyuma. Kaza mkanda wa kiunoni, apande mmoja mmoja, na anayesubiri akae pembeni, si chini ya ngazi, kwa sababu mawe huanguka. Baada ya hapo mnaingia kwenye mianzi. Tazameni visiki vilivyokatwa mshazari, vina ncha kama mkuki na vinajificha kwenye majani.

Pasaka mara nyingi inaangukia masika. Njia inakuwa tope, na miteremko ya huku si ya kuchezea mvua ikizidi. Maporomoko ya udongo Bududa yamezika watu wengi, Machi 2010 na tena Oktoba 2018. Afadhali Januari au Februari. Mkikosa, tazameni Juni: tarehe 3 ni sikukuu ya Mashahidi, tarehe 9 ni ya Mashujaa, mkiomba ruhusa ya siku chache katikati mnapata karibu wiki nzima. Mwanzoni mwa Juni mvua bado yaweza kuwepo, ila si kama Aprili.

Kiongozi wa UWA (Mamlaka ya Wanyamapori Uganda) ni lazima, kwa hiyo pitieni ofisi yao ya Mbale mapema mpange. Na chukueni wapagazi wa Budadiri. Mtu wa kilo 65 asibebe zaidi ya kilo 13, maji yakiwemo. Kwa mara ya kwanza ningesema 10.

NesiTororo
Naongezea ya mwinuko, kaka, kwa sababu Kampala iko kama mita 1,200 na ninyi nyote mnatoka chini.

Maumivu ya kichwa pamoja na kichefuchefu, kukosa hamu ya kula au kizunguzungu: huo ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Mwenye dalili hapandi zaidi siku hiyo. Panado anaweza kumeza, lakini kichwa kutulia kwa dawa si ruhusa ya kuendelea. Asipopata nafuu, ashuke.

Kuna dalili mbili ambazo hazisubiri asubuhi. Ya kwanza: mwambie atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Akiyumba kama mlevi, ubongo umeanza kuvimba. Ya pili: anahema akiwa amekaa tu, na kikohozi hakimwachi. Hapo ni mapafu. Wote wawili wanateremshwa usiku huohuo, wakiwa na mtu, kwa tochi.

Dawa ya Diamox inasaidia kuzuia ugonjwa huo wa mwinuko. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha kama ganzi na mtakojoa sana, msishtuke. Mwenye mzio wa dawa za salfa, mjamzito, au mwenye tatizo la figo asiiguse bila daktari. Wengine nao waende kwa daktari kwanza.

FundiSoli
Viatu vya mitumba "bado vizuri kabisa" ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Buti nyingi za mlimani zina povu la poliurethani kati ya ngozi na soli ya mpira. Povu hilo huoza polepole kwa unyevu wa hewa, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Ngozi inang'aa, soli ina meno yote, lakini katikati pamekufa.

Vipimeni leo. Bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba. Povu zima linarudi. Lililooza linabaki na alama, au linamenyuka kama keki kavu. Kisha kunja kiatu kwa nguvu uangalie mpindo: ukiona nyufa ndogo nyingi kama za udongo uliokauka, kiache. Msikimbilie kukishona kwa fundi, kwa sababu uzi unahitaji kitu kigumu cha kushika, na hapo utashika unga. Kushona kunafaa pale gundi tu ndiyo imeachia na povu bado zima.

Vikipita, vivaeni wiki 3 mfululizo, siku moja mkiwa na begi lililojaa. Ukingo wa Wanale juu ya Mbale ni mahali pazuri pa kujaribia. Kateni kucha siku 3 kabla ya safari, la sivyo mteremko utazing'oa. Na mbebe mita 3 za kamba nyembamba: soli ikiachia njiani, unaifunga mzunguko mbele na katikati, unafika kambini.

JikoLaMkaa
Acheni maharage. Kule Mude maji huchemka kwenye nyuzi karibu 88 tu, mtamaliza gesi yote na bado yatakuwa magumu. Matooke pia hapana, mnabeba maji na maganda.

Hesabu ya mtu mmoja kwa siku: mchele gramu 200, unga wa uji 60, sukari 60, maziwa ya unga 40, mukene (dagaa) mkavu 40, karanga za kukaanga 100, siagi ya karanga 60, biskuti au chapati 100. Jumla gramu 660. Wanne kwa siku 4 ni kama kilo 10 na nusu. Chapati mzile siku mbili za mwanzo, zikizidi hapo zinaota ukungu. Mukene ukaangeni nyumbani, mtoe na vichwa. Malewa (machipukizi ya mianzi) mkipata Mbale chukueni kidogo, na siagi ya karanga ni chakula cha heshima, ila yachemsheni kwanza kabla ya kupanda.

Gesi: lita 8 za maji kwa siku, wastani gramu 20 kwa lita palipo na upepo, kwa siku 4 ni gramu 640. Bebeni mikebe mitatu ya gramu 230. Ile ya butani tupu hulegea baridi ikikaribia sifuri, kwa hiyo usiku mkebe ulale nanyi. Msitegemee kuni, mianzi mibichi haiwaki. Maji ya kunywa, juu ya mita 2,000, yakishaanza kutokota yaacheni dakika 3.

MkaziWaNtinda
Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Tumehamia Juni, siku 5, tunapanda Sasa na kushuka Sipi, na wapagazi wawili. Kiatu changu kimefeli kwa ukucha. Swali la mwisho: kwa kuwa kuna mapango, tunaweza kuacha hema?

NkokonjeruJuu
Msiache. Mapango yanadondosha maji, na wapagazi na viongozi nao wanayahitaji. Pia ulizeni mapema kama wapagazi wana blanketi na chakula chao.

Mude udongo ni wa juujuu, vigingi vinagonga jiwe. Bebeni vipande 6 vya kamba vya mita 2. Funga kamba kwenye fimbo fupi, iweke chini, panga mawe makubwa mbele yake upande wa hema, kisha vuta. Ukifunga jiwe lenyewe, kamba inakatika kwenye ncha. Nguo za kulalia na za sufu zifungwe ndani ya kaveera (mifuko ya plastiki) nzito mbili, moja ndani ya nyingine. Na Tutum, kwa kuwa ni msituni, zungukeni na tochi kabla ya kutandika. Mkiona mstari wa siafu, hamisheni hema hatua 30, haijalishi pamependeza vipi.