Persephone alipenda au alitekwa? Hizi stori za Kigiriki wanazosoma watoto wetu

Mleta mada:
Wakuu kwema? Naomba tulijadili hili maana toka juzi limenikaa kooni. Binti yangu ana miaka 13, stori za miungu ya Kigiriki kazishika kuliko masomo, sasa akawa ananisimulia ya Hades, mungu wa kuzimu, na binti Persephone, yaani macho yanamng'aa, eti Hades ni mpole tu, mpweke, anakaa zake kuzimu, Persephone naye kachoka kubanwa na mama yake, wakapendana, akala komamanga kwa hiari yake ili asirudi nyumbani. Namuuliza umeitoa wapi, ananiambia baba ndo ilivyo, huku kwenye simu wote wanaandika hivo.

Aisee. Kwenye ule utenzi wa kale wa Kigiriki wa Demeter, mungu wa mazao na mama yake Persephone, binti yuko anachuma maua na wenzake, ardhi inapasuka, Hades anatokea na gari la farasi anambeba huku analia. Na Zeus, mfalme wa miungu na baba mzazi, alisharidhia kimyakimya bila mama kujua! Demeter kazunguka siku tisa na mienge mkononi, hali wala haogi, mwisho akagoma, mbegu hazikuota tena mpaka miungu wenyewe wakaanza kuhofia sadaka zao, ndo Zeus akaamuru binti arudishwe, ila kwa kuwa alishakula komamanga huko kuzimu ikabidi sehemu ya mwaka akae kwa Hades. Hiyo ni stori ya mama aliyeibiwa mtoto. Leo mama ndo kawa mkorofi na mwizi kawa mchumba.

Sisemi zisibadilishwe. Mwandishi Rick Riordan kwenye vile vitabu vya Percy Jackson vilivyoanza 2005 kaiweka Olympus, makao ya miungu, ghorofa ya 600 ya Empire State Building kule New York, na Athena, mungu wa hekima, ambaye kwa Wagiriki ni bikira kampa watoto, ila anasema wanatoka kwenye fikra zake, kama yeye alivyotoka kichwani kwa Zeus. Huo ni ufundi, hapo sina neno. Ila kugeuza utekaji kuwa mahaba, tena kwa mabinti wa umri huo, mimi nakataa. Karibuni.

Mdau 1:
Mkuu hiyo ya asili unayoitetea ni ipi? Kwa Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, Medusa (yule wa nywele za nyoka) alilala na Poseidon, mungu wa bahari, kwenye majani laini na maua, basi, hamna kesi. Karne nyingi mbele anakuja Ovid, mshairi Mrumi, anasema alibakwa ndani ya hekalu la Minerva (ndo Athena huyohuyo) halafu aliyeadhibiwa ni yeye, nywele zikawa nyoka. Watu wa kale walikuwa wanabadili wanavyotaka, iweje wa leo wakatazwe?

Mdau 2:
Shikamoo mleta mada. Mi nina 19 na hizo stori nazisoma sana tu. Persephone wa zamani hana usemi, anagawanwa na wanaume kama mzigo, sasa akitokea mwandishi akampa kauli yake mwenyewe kosa liko wapi? Na tunajua ni za kubuni, hakuna anayeenda kuolewa kuzimu jamani 😂

Mleta mada:
Marahaba binti. Mdau 1 naomba uangalie kitu kimoja, Ovid alipobadili alilifunua kosa, hawa wanalifunika, sio mabadiliko ya aina moja hayo. Na usemi Persephone anao. Alipiga kelele, waliomsikia ni mungu wa kike Hecate akiwa pangoni kwake na Helios, yaani jua. Aliporudi mama akamuuliza, akajibu wazi kwamba Hades alimlisha ile punje ya komamanga kwa nguvu. Punje hiyohiyo ndo leo tunaambiwa aliila kwa mapenzi, sasa mnampa kauli gani wakati ile aliyokwisha kuitoa mmeifuta?

Mdau 3:
Disney kwenye katuni yao ya 1997 walimfanya yule shujaa Hercules mtoto wa Hera, mke wa Zeus, wakati huyo Hera ndo alimtumia nyoka akiwa kichanga. Mbona hapo mlinyamaza?

Mdau 2:
Ya punje sikuijua, nakubali. Ila mzee tuseme ukweli, huo utenzi ungempa kwanza angeusoma? Hizo stori za simu ndo zimewafanya mkae mkaongea.

Mleta mada:
Hapo umenibana. Nilimpa, kasoma mistari kama kumi hivi karudi kwenye simu, ikabidi nimsimulie kwa mdomo. Akanyamaza, nikajua kashapitiwa na usingizi, kumbe anawaza. Akaniuliza, baba, huyo Helios si aliona kila kitu, mbona alisubiri mpaka aulizwe na Demeter?