Naomba ushauri: amplifaya moja ya gitaa itakayofaa country na blues

Nyuzi Sita, Nairobi

Ndugu wapiga gitaa, nawasalimu. Natafuta amplifaya moja nitakayoitumia kwa muziki wa country na kwa blues, na ningependa kuwasikia watu waliozitumia mashine hizi jukwaani kabla sijatoa pesa.

Kila Jumamosi jioni bendi yetu hupiga country katika mgahawa wa nyama choma wenye wateja wasiozidi mia moja. Wengi wao walikua wakiwasikiliza Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton redioni, kwa hiyo gitaa likikwaruza mahali pasipostahili wanalitambua mara moja. Bendi ina ngoma kamili, besi, kinanda na mwimbaji. Siku nyingine hukutana na wenzangu tukapiga blues ya Chicago, na huko nahitaji sauti nene inayoanza kupasuka ninapougonga uzi kwa nguvu, kisha ikarudi kuwa safi ninapolegeza mkono. Nina gitaa la aina ya Telecaster lenye pikapu (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) za koili moja, na jingine lenye uwazi ndani na pikapu za humbucker, yaani za koili mbili. Naishi nyumba ya kupanga ghorofani, hivyo mazoezi ya usiku lazima yawe ya sauti ya chini.

Bajeti yangu ni shilingi 150,000. Nimefikiria Fender '65 Deluxe Reverb iliyotumika, ambayo binamu yangu aliye Marekani anaweza kuninunulia. Fender Blues Junior. Boss Katana ya wati 50. Na Roland JC-120 inayouzwa hapa mjini. Muuzaji mmoja aliniambia kwamba wati 22 za Deluxe Reverb hazitasikika mbele ya ngoma, na kwamba nisichukue chochote kilicho chini ya wati 100. Je, ni kweli? Na mngechagua ipi?

Mzee wa Solo, Mombasa

Mdogo wangu, nimepiga country na blues kwa miaka mingi katika hoteli za pwani, na nataka nikutoe hofu kwanza: kwa upande wa amplifaya, muziki huu wa aina mbili haugombani. Buck Owens na Don Rich walipoijenga ile sauti kali ya Bakersfield kule California, walichomeka Telecaster kwenye amplifaya za Fender. Muddy Waters naye alishika Telecaster kule Chicago, na mwenzake wa blues, Buddy Guy, akajulikana kwa amplifaya ya Fender Bassman. Mashine zilitoka kiwanda kimoja, lakini wa country waliiacha sauti iwe safi na wa blues wakaisukuma mpaka ikapasuka. Kwa hiyo tafuta amplifaya ambayo sauti yake safi inakupendeza hata ukiwa umepiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) moja tu ya G ukaiacha ilie mpaka iishe. Mpasuko utauleta kwa mkono, kwa volyumu au kwa pedali, kile kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha sauti. Lakini amplifaya yenye sauti safi mbovu hakuna pedali itakayoiponya.

Aliyekuambia habari ya wati 100 amekupotosha, ingawa pengine hakukusudia. Wati zikiongezwa mara mbili, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hulitambua lakini halishtuki. Fender Twin Reverb yenye wati 85 inaizidi Deluxe Reverb kwa desibeli zisizofika 6. Faida yake kubwa ni kwamba inabaki safi hata volyumu ikiwa juu sana. Spika nayo ina neno lake, kwa sababu spika yenye usikivu wa desibeli 100 ikipewa wati 22 hutoa sauti sawa na ile ya desibeli 97 iliyopewa wati 44.

Ukichomeka Telecaster kwenye Deluxe Reverb, sauti hubaki safi mpaka volyumu ifike kama namba 4, ikivuka 5 inaanza kukolea, na kwenye 6 au 7 ndiyo blues unayoieleza. Ukishika lile gitaa la humbucker, yote hayo hutangulia, kwa kuwa pikapu zake zina nguvu zaidi. Mtihani wako utakuwa Jumamosi. Mpiga ngoma akiwa mzito wa mkono, namba 4 huenda isitoshe, nawe ukipanda zaidi country yako itaanza kukwaruza mbele ya hao wateja wanaojua. Dawa yake ni kuweka maikrofoni mbele ya spika na kulipeleka gitaa kwenye mitambo ya ukumbi, na amplifaya ibaki pale inapolia vizuri.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Deluxe Reverb ina trebo na besi tu, haina kirekebishi cha sauti za kati, na chaneli yake yenye mwangwi ina kapasita ndogo inayopitisha sauti kali, ambayo husikika zaidi volyumu ikiwa chini. Telecaster kwenye pikapu ya daraja (ile iliyo karibu na mwisho wa nyuzi kwenye mwili wa gitaa) itakuchoma masikio. Shusha trebo mpaka 4 bila wasiwasi, au punguza toni kwenye gitaa lenyewe. Chaneli ya Normal haina kapasita hiyo, ila nayo haina mwangwi wala tremolo (sauti inayopanda na kushuka kwa mdundo), na country isiyo na mwangwi wa springi ni kavu mno.

Blues Junior ni mashine ya heshima: wati 15, valvu (taa za kioo zinazokuza sauti) mbili za EL84, na si nzito kubeba. Lakini huishiwa sauti safi mapema ikikutana na ngoma kamili, na kwa kuwa country ndiyo inayokulipa, nisingeanza nayo.

Binti Besi, Dar es Salaam

Kaka Nyuzi Sita, maneno ya Mzee nayaheshimu, na suala la wati amelieleza vizuri. Ila nisingependa uondoke ukiamini kwamba bila valvu hakuna blues. B.B. King alipiga kwa muda mrefu kwenye Lab Series L5, ambayo ni ya transista, vijenzi vidogo vinavyofanya kazi ya valvu, na Albert King alitumia amplifaya za kampuni ya Acoustic, nazo za transista. Sauti za wazee hao wawili ndizo tunazojifunza mpaka leo.

JC-120 imekuwapo tangu 1975, na kwa sauti safi ni vigumu kuishinda. Ina wati 120 na spika mbili za inchi 12, na muuzaji wako angefurahi. Kasoro yake kwako ni kwamba mkwaruzo wake wa ndani haufai blues, hivyo utategemea pedali kwa kila kitu, na kuipandisha ngazi za ghorofa kila Jumamosi usiku ni adhabu ya mgongo.

Mimi ningekuelekeza kwenye Katana 50, kwa sababu ina swichi inayoshusha nguvu kutoka wati 50 hadi 25 na hadi nusu wati, na tena ina tundu la vifaa vya masikioni kwa ajili ya usiku. Pesa nyingi zitabaki. Nunua kompresa, kwa maana country ya kudonoa nyuzi kwa vidole inataka kila noti itoke kwa uzito mmoja, na pedali ya dilei uiweke irudie mara moja tu baada ya milisekunde kati ya 80 na 120. Vitu hivyo viwili vitaibadilisha country yako kuliko aina ya amplifaya.

Fundi Valvu, Nakuru

Naomba nizungumzie umeme, kwa sababu ndipo pesa za wengi zinapoteketea. Amplifaya iliyouzwa Marekani kwa kawaida ni ya volti 120 na Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde) 60, ilhali hapa kwetu ni volti 240 na Hz 50. Ukiichomeka moja kwa moja, ukiwa na bahati itakatika fyuzi peke yake. Mtu asikuwekee fyuzi kubwa zaidi ili "ivumilie", kwani hapo kitakachoungua ni transfoma.

Kabla binamu yako hajalipa, akupigie picha ya maandishi yaliyo nyuma karibu na waya wa umeme. Yakisema 100–240V, utabadilisha plagi tu. Yakisema 120V pekee, utahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa angalau mara mbili ya wati zilizoandikwa hapo. Wati hizo usizichanganye na zile 22: zile huenda kwenye spika, hizi hutoka ukutani, na huwa nyingi zaidi. Ujue pia kwamba transfoma ya kushusha haibadilishi Hz, kwa hiyo transfoma ya ndani iliyotengenezwa kwa Hz 60 itapata joto zaidi hapa; usiisukumize amplifaya ukutani ikakosa hewa. La muhimu kuliko yote, waya wa ardhi lazima upite kwenye transfoma hiyo mpaka kwenye amplifaya. Bila waya huo, siku mikono ikiwa kwenye nyuzi na midomo ikagusa maikrofoni, unaweza kupigwa na umeme jukwaani.

Ikiwa ni Deluxe Reverb ya valvu, binamu aifanyie majaribio mawili. Aweke mwangwi kwenye 3, kisha aitikise kasha kidogo: springi za ndani zinapaswa kusikika zikivuma kwa kishindo, na zikinyamaza kuna waya uliokatika au kisanduku kibovu. Halafu agonge kila valvu polepole kwa mkia wa penseli. Valvu nzima hutoa mlio hafifu wa kugongwa, iliyochoka hulia kama kengele, na ya namna hiyo italia pia katikati ya wimbo. Asifungue kitu kingine chochote, maana ndani mna zaidi ya volti 400 na kapasita hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Nyuzi Sita, Nairobi

Nawashukuru sana wote. Binamu yangu amezikuta mbili kwa wauzaji tofauti, na zote zimo ndani ya bajeti. Ya kwanza ni Deluxe Reverb ya valvu, yenye maandishi ya 120V. Ya pili ni Tone Master Deluxe Reverb, ambayo picha yake ya nyuma inaonyesha 100–240V. Ya valvu ina uzito wa kilo kama 19 na hii nyingine kilo 10 na kitu, na ndege atakayopanda inaruhusu kilo 23 kwa kila mzigo. Mzee, hiyo Tone Master unaionaje?

Mzee wa Solo, Mombasa

Tone Master ilitoka mwaka 2019 na haina valvu. Ni kompyuta inayoiga Deluxe Reverb, ikasukumwa na wati 100 ili tabia za ile ya wati 22 ziigwe bila kubanwa. Nilipoipiga peke yangu chumbani, nilihisi tofauti ndogo mkononi pale sauti inapoanza kupasuka, kwani valvu hulainika chini ya vidole kwa namna ninayoipenda mno. Nilipoipiga ndani ya bendi sikuitambua tena tofauti hiyo, wala wenzangu hawakuitambua. Nyuma ina swichi inayoishusha mpaka 0.2 ya wati, basi utaweka volyumu kwenye 6 usiku ukaipata blues yako pasipo jirani kugonga ukuta. Ina pia tundu la kwenda moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi, hivyo hutahitaji maikrofoni ya gitaa pale mgahawani. Kwa ghorofa yako, kwa safari hiyo na kwa umeme wetu, ningechukua Tone Master, ingawa moyo wangu uko kwenye valvu.

Fundi Valvu, Nakuru

Naafiki, kwa tahadhari moja. Valvu ikifa naibadilisha siku hiyohiyo, lakini bodi ya kidijitali ikifa hubadilishwa nzima na itabidi iagizwe nje. Kwa hiyo binamu aiwashe na aiache ilie kwa saa nzima mbele ya muuzaji, akipita kila ngazi ya swichi ya nguvu na kuzungusha kila kirekebishi akisikiliza kama kuna mikwaruzo, kisha ndipo alipe. Hapa nyumbani, iwekee kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka.

Nyuzi Sita, Nairobi

Nimemwagiza achukue Tone Master kwa masharti hayo ya Fundi, na dada yangu Binti Besi, kompresa nitainunua kwa kitakachobaki. Mzee, Jumamosi ya kwanza nianzie wapi na virekebishi?

Mzee wa Solo, Mombasa

Chaneli yenye mwangwi, wati 22, volyumu 3 na nusu, trebo 4, besi 3 kwa sababu mpiga besi yupo, mwangwi 3, tremolo izime mpaka nyimbo za polepole. Telecaster iwe kwenye pikapu ya daraja na toni ishushwe kidogo. Bendi nzima ikishaanza, mwombe mtu unayemwamini asimame kwenye meza ya mwisho, na trebo uirekebishe kwa masikio yake, kwa kuwa spika ya inchi 12 humulika sauti kali mbele moja kwa moja na wewe uliyesimama juu yake huisikii.